Naomba ushauri: puli ya kranki inayumba

Wakuu, naombeni msaada, hili jambo linaninyima usingizi. Gari ikiwaka asubuhi inagonga upande wa mikanda. Fundi aliniambia ni altaneta, ile inayochaji betri na inayozungushwa na mkanda. Jana nikamulika tochi injini ikiunguruma: puli ya kranki (gurudumu la mkanda lililo mwisho wa mhimili mkuu wa injini) inacheza kushoto kulia, na ule mpira unaoshika duara la nje na la ndani umepasuka, vipande vimeganda kwenye kava. Mkanda nao umelika pembeni. Nikautoa, nikawasha sekunde chache, mlio uko palepale. Kwa hiyo altaneta naiondoa kwenye lawama.

Nataka kubadilisha puli, mkanda na sili ya oili kwa pamoja. Mkifungua ile bolti ngumu inayoshika puli, mnaizuiaje kranki isizunguke? Na bolti ya zamani inarudishwa, au lazima mpya?