Hija ya Namugongo kwa miguu: mvua ikitukuta Mabira tufanyeje?

mtembezi_busia
Tumsifu Yesu Kristo. Kikundi cha parokia yetu, watu 34, tunavuka mpaka wa Kenya na Uganda pale Busia kwa miguu ili tufike Namugongo, kwenye kanisa la Mashahidi wa Uganda, kabla ya sikukuu yao tarehe 3 Juni. Mdogo ana miaka 19, mkubwa 67. Njia ni ile ile ya siku zote: Bugiri, Iganga, Jinja, Lugazi, Mukono. Mwishoni mwa Mei masika huwa bado hayajaisha upande ule, na siku inayotutia hofu ni ya Jinja hadi Lugazi, karibu kilomita 35, msitu wa Mabira ukiwa humo ndani. Gari la mizigo tunalo moja. Wazee wanataka kila mtu anunue gambuti na mwavuli. Vijana wanataka raba na makoti ya plastiki. Nani ana haki? Na mvua ikitushika katikati ya msitu, tusonge au tusimame?

soksi_kavu
Milele na milele, amina. Gambuti ziacheni shambani. Hazina mahali pa kutokea maji: mvua huteremka na mguu wa suruali, hujaa ndani, na kisigino huanza kupanda na kushuka kila hatua. Kilomita kumi hazifiki kabla lengelenge halijatokea. Vijana wana haki, ila wachague raba za kitambaa chepesi chenye matundu, zilizokwisha kuvaliwa angalau mwezi mzima. Maji yataingia, na yatatoka. Viatu vinavyosifiwa kuwa havipitishi maji vikishalowa kwa juu haviwezi kukauka usiku mmoja.

Mguu wenyewe: asubuhi paka mafuta ya mgando kwa wingi katikati ya vidole, kisiginoni na chini ya unyayo, kisha soksi za nailoni au sufu. Za pamba zinashika maji na kujikunja. Kila baada ya saa mbili vua, mwaga mchanga, suuza, futa, paka tena. Mchanga wa maramu ukiingia ndani ya soksi iliyolowa unafanya kazi ya msasa, na watu wengi wanalaumu kiatu bure.

Kila mtu awe na jozi moja ya soksi isiyotembelewa kabisa, imefungwa ndani ya mfuko wa nailoni, ya kulalia tu. Ngozi iliyolowa kutwa nzima ikipata saa saba au nane za ukavu inarudi kuwa ngumu. Isipopata, kesho inabanduka.

Jioni toeni nyayo za ndani za raba, jazeni magazeti, badilisheni baada ya saa moja. Msizisogeze jikoni karibu na moto. Gundi inaachia, na soli iliyobanduka Lugazi haina fundi wa saa kumi na moja alfajiri.

mama_filimbi
Mwavuli pia hapana. Lori likipita upepo wake unaupindua, na aliye chini yake haoni mbele. Koti la plastiki pana, linalofunika mtu pamoja na begi, linatosha. Ndani ya begi tandikeni mfuko mkubwa wa takataka, vitu vyote viingie humo, mdomo usokotwe. Kitambulisho na pesa kwenye mfuko wa pili, kifuani.

Sasa kosa ambalo karibu kila kikundi hulifanya: wanavaa vizibao vya kung'aa, mvua inaanza, wanavaa koti la plastiki juu yake. Kizibao kimefichwa saa ile ile dereva haoni vizuri! Kizibao kiwe cha nje kabisa, hata kama mtaonekana vituko.

Tembeeni upande wa kulia ili magari yawajie usoni, mstari mmoja. Watu 34 msiwe mkia mmoja. Gawaneni vikundi vitatu, kila kimoja na kiongozi mbele na mfungaji nyuma, wote wawili na filimbi. Mlio mmoja simama, miwili sogea kando utoke kwenye lami. Wa mbele awe ndiye mwenye mwendo mdogo kuliko wote. Kila mapumziko hesabuni kwa jozi: kila mtu anamjua mwenzake mmoja wa kumtafuta. Kuhesabu vichwa huku watu wanazunguka kutafuta chai hakujawahi kutoa jibu sahihi.

Kando ya lami maji yakituama mtu wa mbele apime kwa fimbo. Mtaro uliojaa na dimbwi la kina cha kidole vinafanana.

radi_na_hesabu
Swali la kusonga au kusimama linaamuliwa na radi. Mvua tupu, songeni. Mkiona mwanga hesabuni sekunde hadi ngurumo. Ikiwa ni 30 au pungufu, radi iko ndani ya kilomita 10 hivi, tafuteni jengo lenye kuta au gari lililofungwa, na msitoke hadi dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho. Chini ya mti si mahali pa kujificha, wala kibanda kilicho wazi pembeni. Bendera ya parokia yenye mlingoti wa chuma ilazwe ndani ya gari mapema. Watu huona aibu kuishusha.

Tatizo la Mabira ni kwamba majengo ni haba hadi soko la Najjembe, pale pa kuku wa vijiti na gonja (ndizi za kuchoma). Kwa hiyo gari lisitangulie Lugazi kupika. Likae nyuma yenu, na radi ikikaribia libebe kwa zamu, wazee kwanza.

Halafu fanyeni hesabu ya saa. Pakavu kikundi huenda kilomita 4 kwa saa, kwenye mvua 3. Kilomita 35 kwa 3 ni saa kumi na mbili kasoro, bila mapumziko. Mkiondoka saa kumi na mbili asubuhi giza litawakuta barabarani. Laleni ng'ambo ya Nile, Njeru, usiku wa kuamkia siku hiyo, mpunguze kilomita kadhaa. Na wekeni kikomo kabla ya kuondoka: atakayekuwa hajafika Najjembe saa tisa alasiri apande gari, maana kutoka hapo ni kama kilomita 10 zaidi. Kikomo kikipangwa wakati watu wamechoka, kinageuka ugomvi.

mtembezi_busia
Asanteni sana. Mzee wa miaka 67 ana kisukari. Amesema atatembea tu.

soksi_kavu
Basi yeye asifuate maelezo yangu peke yake, amwone daktari wake kabla ya safari. Kisukari cha muda mrefu kinaweza kuua hisia za mguu: kokoto inamchimba naye hasikii. Kila mapumziko mtu mwingine amkague nyayo kwa tochi. Lengelenge lake lisitobolewe na yeyote kikundini. Na ile desturi ya kupitisha uzi ndani ya lengelenge na kuuacha humo, hata kwa wazima acheni, uzi unaingiza uchafu. Siku ya mvua Mabira apande gari, ashuke Lugazi, aingie Namugongo kwa miguu yake na wenzake.

mama_filimbi
Naongeza la baridi, maana watu hudhani Uganda hakuna baridi. Aliyelowa akikaa nusu saa kwenye upepo huanza kutetemeka. Mapumziko yawe dakika kumi, na uji wa moto wenye sukari utoke kwenye chupa, usisubiri kuwashiwa jiko. Anayetetemeka kisha anaacha kutetemeka, anajikwaa, maneno yanamlegea, huyo hajapata nafuu. Mvueni nguo zilizolowa, blanketi kavu, garini. Kila chupa ya uji inahudumia watu wanane kwa kikombe kidogo, kwa hiyo bebeni tano.