Mhudumu wa afya Mwanza: kozi ya miezi mitatu inatosha?

Dada_Buswelu
Habari wanajukwaa. Mdogo wangu amemaliza kidato cha nne. Ana D ya Biolojia, Kiswahili, Uraia na Jiografia. Kemia na Fizikia ana F. Anataka kazi ya kuhudumia wagonjwa wodini. Kituo kimoja hapa mjini kinamwita kozi ya miezi mitatu, ada yote ilipwe kabla, na wanadai cheti chao kitamfikisha hadi Marekani kutunza wazee. Tulipe?

Nyakato_juu
Dada, msilipe bado. Ajira ya mhudumu wa afya serikalini inataka kidato cha nne pamoja na mafunzo ya mwaka mmoja ya fani ya afya kwenye chuo kinachotambuliwa na Serikali. Ombeni namba ya usajili wa NACTVET, baraza la taifa linalosimamia vyuo vya ufundi (namba za vyuo vya afya huwa na REG/HAS), kisha mwihakiki kwenye tovuti ya NACTVET wenyewe. Karatasi iliyotundikwa ukutani ofisini kwao isiwatoshe. Na msiishie kwenye jina la chuo: kozi yenyewe nayo iwemo kwenye usajili huo. Chuo kinaweza kuwa na kibali cha famasia tu huku kinapokea ada za kozi nyingine, na hapo ndipo wazazi wengi wanapoumia.

Akitaka unesi baadaye, cheti cha uuguzi na ukunga kinadai ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini, Biolojia, Kemia na Fizikia zikiwamo. Arudie hizo mbili kama mtahiniwa wa kujitegemea. Mtihani ni Novemba, lakini usajili hufanyika mwanzoni mwa mwaka, kwa hiyo asisubiri.

Kapripoint
Ulizeni pia mazoezi ya vitendo yanafanyika hospitali gani. Wakitaja Bugando au Sekou Toure, nendeni hapo hospitali mkaulize kama kweli wanapokea wanafunzi wao. Kazi hii haijifunzwi kwenye daftari.

Mfano ni kumgeuza mgonjwa asiyejiweza. Kawaida ni kila saa mbili, na kila akigeuzwa unakagua visigino, nyonga na juu ya makalio. Vitabu vingi vinasema tafuta wekundu, ila kwa ngozi nyeusi wekundu unajificha. Papasa: penye joto au ugumu kuliko pembeni, kidonda kinaanza. Usipasugue, ngozi ya chini imeshaumia. Mtoe uzito hapo na umwambie muuguzi.

Mfuko wa mkojo nao huwaponza wengi. Wakati wa kumhamisha mgonjwa wanauweka juu ya tumbo lake, mkojo unarudi kwenye kibofu na vijidudu vyake. Ubaki chini ya usawa wa kibofu muda wote, uning'inie kwenye fremu ya kitanda, usiguse sakafu. Mapigo ya moyo yahesabiwe kwa vidole viwili, dakika nzima. Kidole gumba kina mapigo yake, kitakudanganya. Na kabla ya kumhamishia mgonjwa kwenye kiti cha magurudumu, funga breki zote mbili.

Igoma_Sokoni
Kuhusu Marekani, wanawadanganya. Kule, kwa wahudumu wa nyumba za kutunzia wazee, sheria ya shirikisho ya 1987 inataka mafunzo yasiyopungua saa 75, angalau 16 zikiwa za vitendo chini ya usimamizi, kwenye programu iliyoidhinishwa na jimbo husika. Halafu kuna mtihani wa maswali na wa vitendo, ndipo jina liingie kwenye rejista ya jimbo. Ukikaa miezi 24 mfululizo bila kufanya kazi hiyo kwa malipo, unarudia. Na viza ni shughuli nyingine kabisa.

Dada_Buswelu
Asanteni sana, ada tunaizuia. Je, akipata chuo cha kweli, kuna cha kuandaa mapema?

Kapripoint
Chanjo ya homa ya ini B. Ni dozi tatu: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi, ya tatu miezi sita baada ya ile ya kwanza. Aanze sasa, ili akiingia wodini awe ameshajikinga.