Lori limesimama yadini Tororo: bima niifute au niiache?

Mwenye lori, Tororo:
Ndugu wasafirishaji, naomba ushauri. Lori langu la kubeba shehena kutoka Mombasa hadi Kampala kupitia Malaba limeharibika giaboksi, na fundi anasema vipuri vitachukua miezi mitatu kufika. Nina bima kubwa, ile inayolinda pia lori lenyewe, iliyobakiza miezi saba, pamoja na Kadi ya Njano ya COMESA, yaani bima ya watu nitakaowadhuru nikiwa nje ya nchi. Lori nililinunua kwa mkopo wa benki, na marejesho hayangoji safari. Je, naweza kuifuta bima nirudishiwe fedha?

Dalali wa bima, Kampala:
Ndugu, soma kwanza mkataba wa mkopo. Kwa kawaida benki huandikwa kwenye hati ya bima kuwa na maslahi katika gari, na hutaka bima kubwa idumu hadi deni liishe, hivyo ukiifuta bila ridhaa yake utakuwa umevunja makubaliano. Isitoshe, anayefuta bima katikati ya mwaka hukatwa kwa viwango vya muda mfupi, ambavyo ni vikali: kampuni hubaki na ada kubwa kuliko ya miezi uliyotumia. Usitegemee ada ya miezi saba kamili.

Ninachokushauri ni kuiomba kampuni isimamishe kinga ya barabarani na kubakiza ya moto na wizi, kwa muda ambao lori litakaa mahali palipotajwa. Kampuni huweka idadi ya chini ya siku, na nafuu yenyewe mara nyingi huja kama punguzo la ada wakati wa kuhuisha bima au kwa kusogezewa mbele tarehe ya mwisho. Andika barua leo, kwa sababu siku zilizopita kabla ya taarifa hazihesabiwi, utaje namba ya usajili, yadi na ulinzi uliopo, kisha usubiri jibu la maandishi. Maneno ya simu na wakala hayatakusaidia siku ya kudai fidia.

Msafirishaji, Kabale:
Naunga mkono. Mpaka wa Katuna, wa kuingia Rwanda, ulipofungwa mwaka 2019, lori langu lilikaa yadini, nami nikaiacha bima ikaisha kimyakimya. Betri na matairi manne yaliibwa usiku mmoja, nikayalipia mwenyewe. Baadaye nilielezwa jambo lililoniuma zaidi: hata bima ingekuwa hai, mikataba mingi hailipi vifaa vilivyoibwa peke yake ikiwa gari lenyewe halikuibwa. Uliza kifungu hicho waziwazi, na matairi yafungie stoo.

Fundi wa malori, Jinja:
Naongeza jambo ambalo wenye magari husahau. Sheria ya Uganda ya mwaka 1989 kuhusu bima ya mtu wa tatu, yaani ya watu wengine ambao gari linaweza kuwadhuru, inahusu gari linalotumika barabarani, kwa hiyo lori bovu lililo ndani ya uzio halina kosa. Lakini giaboksi ikishafungwa, sisi mafundi hulitoa lori barabarani kulijaribu, na ajali ya dakika kumi ni ajali kamili. Kadi ya Njano nayo husimama juu ya bima ya nyumbani, ikilala hii na ile imelala. Tafadhali usimkabidhi fundi ufunguo wa majaribio kabla kampuni haijathibitisha kwa maandishi kwamba kinga imerudi.

Mwenye lori, Tororo:
Nashukuru sana, wakubwa zangu. Kesho asubuhi nitaanzia benki, kisha nipeleke barua kwa kampuni na kubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Matairi tumeanza kuyavua.