Ukoo wa Bi Zuhura: mkataba wa Yusufu

JUMANNE

Dada Rehema, 19:02
Assalaam alaykum. Shikamooni wakubwa. Yusufu ameletewa mkataba wa Dhahran, Saudia, fundi wa vyombo vya vipimo, mitambo ya Saudi Aramco, kampuni ya mafuta ya Saudia. Jibu linatakiwa Alhamisi. Leo tukubaliane matatu: asaini au asisaini, mke na watoto waende au wabaki, na nani anashika mchango wa makaratasi. Kila mtu aseme.

Dada Rehema, 19:03
Yusufu weka picha za kurasa zote. Zote, si ule wa mshahara tu.

Yusufu, 19:20
[picha 6]

Dada Rehema, 19:41
Watu 23 mmeona. Hakuna aliyejibu.

Saidi, 19:44
Hongera kaka!! Mie zamzam dumu moja tu

Mwanaidi, 19:45
Mie udi. Na ukipita Makka utuombee 🤲🏾

Saidi, 19:45
Dumu la lita 20 lakini

Ami Hamisi, 20:05
Wa alaykumu ssalaam. Dhahran iko mashariki, karibu na Ghuba. Makka iko upande wa pili wa nchi, zaidi ya kilomita 1,200. Madumu yasubiri.

Swali la kwanza si mshahara, ni nani mwajiri. Geti ni moja lakini linaingiza watu wa aina mbili: aliyeajiriwa na kampuni yenyewe na aliyeletwa na mkandarasi. Ovaroli zinafanana na kifaa wanachofungua ni kilekile. Ila nyumba ya kambini, shule ya watoto na tiketi za likizo za familia ni mambo ya yule wa kwanza. Wa pili anapata kilichoandikwa kwenye mkataba wake, na kile ambacho sheria inamlazimisha mwajiri. Zaidi ya hapo ni hisani.

Dada Rehema, 20:07
Ami, Aramco imeandikwa juu kabisa ya barua.

Ami Hamisi, 20:09
Imeandikwa "mradi wa". Mradi si mwajiri.

Dada Rehema, 20:15
Sawa. Twende kwenye familia, maana hapo ndipo hesabu huharibika. Mshahara haukatwi kodi ya mapato, hilo kweli. Lakini tangu Julai 2017 kuna tozo ya wategemezi. Ilianza riyali 100 kwa kila mmoja kwa mwezi, ikapanda kila mwaka, 2020 ikafika 400. Mke na watoto watatu ni 1,600 kwa mwezi, 19,200 kwa mwaka. Na inalipwa mbele, ikama zao, vibali vya kuishi kule, hazifanywi upya bila hiyo. Mwajiri akikubali kuilipa, iandikwe. Isipoandikwa ni ya Yusufu.

Dada Rehema, 20:16
Shemeji Asha, wewe unasemaje?

Baba Salim, 20:31
Riyali si ndiyo ile inayoshuka kila siku?

Ami Hamisi, 20:33
Hapana. Imefungwa kwenye dola, riyali 3.75 kwa dola 1, tangu 1986. Upande huo hauna wasiwasi.

Mama Salma, 20:40
Mimi nataka la tatu. Mchango ushikwe na mtu mmoja na kila risiti iwekwe humu ndani. Yasirudi ya kiwanja.

Baba Salim, 20:41
Kiwanja kimeingiaje hapa?

Mama Salma, 20:43
Kilitokea mlango huuhuu. Wakala alilipwa, risiti hatujaiona mpaka leo. Na aliyesema "niachieni mimi" anasoma hapa.

Baba Salim, 20:44
Salma mama yako amechoka, mpe maji

Mama Salma, 20:44
Sijachoka. Nimeuliza.

Dada Rehema, 20:46
JAMANI. Alhamisi.

Ami Hamisi, 20:52
Mama Salma ana haki ya kuuliza, na swali lake linahusu hapa hapa. Ibara ya 40 ya Sheria ya Kazi ya Saudia inasema ada ya kumleta mfanyakazi, ikama, kibali cha kazi, kuvifanya upya, faini za kuchelewa, viza ya kutoka na kurudi, na tiketi ya kwenda kwao kazi ikiisha, vyote ni vya mwajiri. Kwa hiyo mtu yeyote akimwambia Yusufu alipie viza, hapo tayari kuna walakini. Mchango ni wa kuthibitisha vyeti, basi. Mengine tusiyatolee hela.

Ila ibara hiyohiyo ina upande wake: ukiamua kurudi bila sababu halali, tiketi unajinunulia.

Dada Maua, 21:10
Samahani nilikuwa zamu. Yusufu, usiandike barua ya kuacha kazi uliyonayo mpaka majibu ya afya yatoke na viza iwe imegongwa. Wanapima virusi vya UKIMWI, homa ya ini B na C, na kifua kwa eksirei. Kovu la zamani la TB kwenye pafu, hata kama ulitibiwa ukapona, linaweza kukuandikisha "hafai". Ukiwa umeshaacha kazi huna huku wala kule. Kapige eksirei yako mwenyewe kwanza.

Saidi, 21:12
Na mimba wanapima? 😂

Mwanaidi, 21:12
Saidi 😂😂 kaka Yusufu ana miezi mingapi

Dada Rehema, 21:13
Dada Maua amesema jambo la maana, mnalizamisha. Yusufu umelisoma?

Yusufu, 21:30
Nimesoma.

Ami Hamisi, 21:48
Kiinua mgongo nacho akielewe, maana mgeni hana pensheni kule. Kwa mshahara wa mwisho: nusu mshahara wa mwezi kwa kila mwaka, miaka 5 ya kwanza. Baada ya hapo mshahara mzima wa mwezi kwa kila mwaka. Mwenye riyali 6,000 mkataba wake ukiisha miaka 7 ni 15,000 + 12,000 = 27,000. Akijiuzulu mwenyewe miaka hiyohiyo 7 anapata theluthi mbili, 18,000. Kati ya miaka 2 na 5 ni theluthi moja. Akijiuzulu kabla ya 2, hakuna kitu.

Na asihesabu miaka 7 kama imo mfukoni. Pipa la mafuta ghafi ya Brent lilikuwa juu ya dola 110 katikati ya 2014. Januari 2016 lilikuwa chini ya 30. Bei ikianguka hivyo miradi inasimama, na watu wa mkandarasi ndio wa kwanza kurudishwa.

Ami Hamisi, 21:55
Yusufu, uliza pia kituo gani. Kama ni Abqaiq, pale ndipo mafuta yanapotolewa haidrojeni salfaidi, gesi ya sumu. Kidogo inanuka mayai viza. Ikifika sehemu 100 kwa milioni pua inakufa ganzi, mtu anadhani imeondoka kumbe imezidi. Fundi wa vipimo ndiye anayelegeza zile nati ndogo. Anafunga vali kwanza, anamwaga presha iliyobaki, amesimama upande upepo unakotokea, kigunduzi cha gesi kifuani. Uliza nani anatoa kigunduzi na nani anakipima upya.

Shemeji Asha, 23:17
Nimesoma yote. Mimi sikai miaka miwili peke yangu na watoto watatu. Hilo tu.

JUMATANO

Babu Omari, 05:48
Wa alaykumu ssalaam. Marhaba. Nimeusoma ukurasa wa Kiarabu kwa lenzi. Upande wa kwanza, yaani mwajiri, ni kampuni ya ukandarasi. Aramco imetajwa mara moja, mahali pa kazi. Na kazi aliyoandikiwa ni *amil*, kibarua. Hakuandikiwa *fanni*, fundi. Ukurasa ule mwingine unasema fundi. Mjukuu wangu asitie mkono wake hapo.

Dada Rehema, 06:30
Shikamoo Babu.

Ami Hamisi, 06:41
Shikamoo Baba. Basi imekwisha. Kurasa mbili zikipingana, kule kinachofuatwa ni Kiarabu. Viza na ikama zitatoka kwa jina la kibarua, na kwa ikama ya kibarua ni vigumu mno kuleta mke. Fundi huandikishwa Baraza la Wahandisi la Saudia kwa cheti chake. Cheti kipo, kwa nini aandikwe kibarua?

Baba Salim, 07:15
Labda makosa ya uchapaji. Nafasi hizi hazirudi.

Mama Salma, 07:16
Maneno hayohayo tuliyaambiwa kwenye kiwanja.

Dada Rehema, 07:40
Baba Salim, Babu ameshasema. Yusufu, waandikie sasa hivi: (1) kazi ibadilishwe kwa Kiarabu iwe fundi, (2) ruhusa ya kwenda na familia na tozo viandikwe, (3) mkataba uingizwe Qiwa, mfumo wa mtandaoni wa wizara ya kazi ya Saudia, ukaukubali mwenyewe humo. Weka nakala hapa.

Yusufu, 11:52
Wamejibu kwa simu. Wanasema nisaini tu, watarekebisha nikishafika.

Ami Hamisi, 11:58
Hapana. Kabla ya viza. Na wajibu kwa maandishi.

Dada Rehema, 12:03
Umewaambia hivyo?

Dada Rehema, 14:20
Yusufu?

Saidi, 14:26
Mchango basi tunatuma au tunangoja?

Mama Salma, 14:27
Kwa nani?

Dada Rehema, 17:45
Shemeji Asha, mwambie Yusufu ashike simu.

Shemeji Asha, 18:30
Ametoka tangu adhuhuri. Kaenda kwa Babu na makaratasi yote.