Yale Early Action: binti yuko bweni anafanya KCSE, hajaitwa kwenye mahojiano. Tufanye nini?

MamaWaVoi

Hamjambo wanajukwaa. Binti yangu yuko Form 4, shule ya bweni, yuko katikati ya KCSE, mtihani wa taifa wa Kenya. Maombi yake ya Yale, chuo kikuu cha Marekani, kwa ule mpango wa Single-Choice Early Action (kuomba mapema chuo kimoja tu), yaliingia kabla ya 1 Novemba, pamoja na CSS Profile ya kuomba msaada wa kifedha. Wenzake wawili walioomba vyuo vingine wameshaandikiwa na watu wa kuwahoji. Yeye kimya.

Naomba mnisaidie kwa haya. Je, kimya hiki ni dalili ya kukataliwa? Wakimwandikia sasa hivi, na hana simu, nijibu mimi? Halafu kwenye akaunti yake ya mwombaji, barua ya mwalimu mmoja bado inaonyesha haijapokelewa, na mwalimu anaapa aliituma. La mwisho: tusubiri jibu la katikati ya Desemba ndipo tushughulikie vyuo vingine, au tuendelee?

Mwambao_DSM

Pole na kusubiri, mama. Kimya hicho hakikuambii lolote. Anayefanya usaili si afisa wa udahili. Kwa kawaida ni mhitimu wa chuo anayejitolea, na Yale hutumia pia wanafunzi wao wa mwaka wa mwisho wanaohoji kwa video. Wenyewe wanasema nafasi ni chache na wanazipeleka kwanza kwa waombaji ambao kamati inataka kujua zaidi juu yao. Asiyeitwa huenda faili lake limejitosheleza, huenda hakupatikana mtu wa kumhoji. Ukiwa nje huwezi kujua ni lipi, na kutoitwa hakumpunguzii mtu chochote.

Kumlinganisha na wenzake ndiko kunakowaumiza watu bure. Columbia wameacha usaili wa wahitimu. Brown wanapokea video fupi ya mwombaji mwenyewe. MIT wana watu wao wanaoitwa Educational Counselors. Kila chuo na utaratibu wake, na kalenda yake.

Nani ajibu? Wewe fungua barua pepe yake kila siku, folda ya spamu ikiwemo, maana mialiko hii mara nyingi hutoka kwenye anwani binafsi ya mhitimu, si ya chuo. Ila usiandike ukijifanya ni yeye. Jibu siku hiyohiyo kwa jina lako, mistari mitatu inatosha: wewe ni mzazi, binti yuko bweni anafanya mtihani wa taifa bila simu, mtihani wake wa mwisho ni tarehe fulani, na mnaomba siku yoyote kuanzia kesho yake. Wahitimu wanaohoji watoto wa Kenya wengi wanaijua hali hii. Kinachoharibu ni kukaa kimya wiki mbili.

Akipangiwa siku, tazameni saa kwa makini. Tangu Jumapili ya kwanza ya Novemba, Marekani upande wa mashariki wamerudisha saa nyuma, kwa hiyo tofauti yetu nao imetoka saa 7 ikawa saa 8. Saa 4 asubuhi ya New York ni saa 12 jioni ya Voi. Saa 12 jioni yao ni saa 8 usiku kwenu, tena siku inayofuata. Mkijibu, andikeni saa zote mbili, ya kwao na ya Nairobi, kwa mtindo wa saa 24, pasibaki nafasi ya kupishana.

Kingine: ukitokea ujumbe unaodai ada ya usaili, ni utapeli. Hakuna chuo kinachotoza hiyo.

Kabati_la_Faili

Mwambao amemaliza la usaili. Mimi nitakaa kwenye ile barua ya mwalimu, kwa sababu jambo kama hilo ndilo linaloweza kuacha faili na pengo, na bado mna muda wa kulirekebisha.

Kwanza, baada ya 1 Novemba vyuo hupokea nyaraka kwa maelfu, na orodha ya kwenye akaunti huchelewa kusasishwa. Wiki moja hadi mbili ya “haijapokelewa” ni kawaida. Ikizidi hapo, kagueni mambo mawili.

Moja ni Common App yenyewe, ule mfumo wa mtandaoni wa kuomba vyuo vingi kwa fomu moja. Mwalimu anaweza kuwa amemaliza barua yake vizuri kabisa, lakini mwanafunzi hakumpangia mwalimu huyo kwa chuo husika. Fomu za shule, zile anazojaza mshauri au naibu mkuu, zikishawasilishwa hutumika kwa vyuo vyote vilivyo kwenye Common App. Barua za walimu haziendi hivyo, lazima mwanafunzi amteue mwalimu chini ya kila chuo, kimoja kimoja. Ingieni muone kama hali yake inasema imewasilishwa, na mkumbuke kurudia uteuzi huo kwa kila chuo mnachoongeza. MIT wako nje ya Common App, wana mfumo wao, kwa hiyo huko shule na walimu huanza upya.

La pili ni majina, na hapa watoto wetu huumia sana. Cheti cha kuzaliwa kina majina matatu, usajili wa KCSE una mpangilio mwingine, akaunti ya SAT (ule mtihani wa kuombea vyuo vya Marekani) ina mawili, na mwalimu anaandika lile la darasani. Nyaraka zinafika chuoni lakini haziunganishwi na faili. Dawa yake ni barua pepe moja fupi kwa ofisi ya udahili: jina kamili kama lilivyo kwenye maombi, tarehe ya kuzaliwa, namba ya maombi, kisha aina zote za jina ambazo huenda zimetumika. Mtaje ni nyaraka gani mnayoitafuta na siku mwalimu aliyoituma. Ikibidi itumwe tena, itume shule yenyewe, isipitie kwa mzazi.

Na fanyeni haraka. KCSE ikiisha shule inafunga, mkuu anaenda likizo, na muhuri unabaki ofisini hadi Januari. Kabla binti hajatoka na sanduku lake, achukue nakala za ripoti za Form 1 hadi sasa zenye muhuri, pamoja na namba na barua pepe ya mwalimu atakayepatikana Desemba.

Kuhusu vyuo vingine: msisubiri. Jibu linakuja katikati ya Desemba, na tarehe za mwisho za maombi ya kawaida ni mwanzoni mwa Januari. Mkikataliwa, mnabaki na wiki mbili na ushee, Krismasi ikiwa katikati. Haiwezekani kuandika insha za vyuo sita kwa utulivu hapo. Sharti la Yale linamkataza kuomba mapema vyuo binafsi vingine vya Marekani. Maombi ya kawaida hayazuiwi, na vyuo vya nje ya Marekani ruksa. Andaeni rasimu sasa, bonyezeni kutuma baada ya jibu.

Hesabuni na gharama. CSS Profile ni dola 25 kwa chuo cha kwanza na 16 kwa kila kinachofuata, yaani vyuo 8 ni dola 137. Ule msamaha wa ada wa moja kwa moja ni wa familia za Marekani, ninyi andikieni ofisi ya msaada wa kifedha ya kila chuo muombe. Mapato yajazeni kwa shilingi, mkichagua sarafu hiyo kwenye fomu. Mkijibadilishia wenyewe kwenda dola, takwimu hazitalingana na hati za mshahara mtakazopakia.

MamaWaVoi

Asanteni sana, mmenifungua macho. Nimeingia Common App na kweli, yule mwalimu hakuwa ameteuliwa, wa pili tu ndiye aliyekuwepo. Binti atamteua akitoka, na leo naandikia chuo kuwaeleza kwamba barua inakuja. Swali moja zaidi: wakisema uamuzi umeahirishwa, hiyo ni hapana ya heshima?

Jiwe_la_Pembeni

Si hapana. Faili linahamishiwa kwenye kundi la kawaida na linasomwa tena, jibu linatoka mwishoni mwa Machi. Hapana ya Desemba ndiyo ya mwisho kwa mwaka huo, hawezi kuomba tena chuo hicho Januari.

Akiahirishwa, aandike barua moja tu, isiyozidi ukurasa, kupitia akaunti yake: bado anakitaka chuo hicho, na kuna jipya hili na hili. Aiandike wiki hiyohiyo ya jibu, wakati nia ingali moto.

Kabati_la_Faili

Hapo kwa mtahiniwa wa KCSE siafikiani na wewe, Jiwe. Desemba hana jipya lolote la kuwaambia. Miaka ya karibuni matokeo yametoka Januari, na hayo ndiyo habari nzito kuliko zote atakazokuwa nazo. Akitumia barua yake moja Desemba kusema “bado nawapenda”, Januari atakuwa anawasumbua. Asubiri matokeo, apakie karatasi ya matokeo na barua siku hiyohiyo, na shule itume ripoti ya katikati ya mwaka. Kama chuo kimetoa fomu yenye tarehe yake, basi wafuate fomu.

Jiwe_la_Pembeni

Kwa mwenye KCSE nakubali, Januari ni bora. Wa Form 6 wa Tanzania hali yake ni nyingine. Anayeomba baada ya kumaliza ana matokeo tangu Julai na yameshaingia kwenye maombi, huyo aandike mapema, na awe na kitu cha kweli cha kusema: kazi anayofanya sasa, mradi uliokamilika, tuzo.

Mama, usiku wa majibu: chuo kikitoa saa 11 jioni kwao, kwenu itakuwa saa 7 usiku na tarehe imeshageuka. Afungue mwenyewe, nywila awe ameijaribu mchana. Wakimkubali, asome barua ya msaada wa kifedha siku hiyohiyo, akitazama kiasi ambacho familia inatakiwa kuchangia. Mpango wa Yale haumfungi, ana hadi 1 Mei kuamua. Mkifikiria chuo chenye Early Decision ya pili (akikubaliwa lazima aende) mnamo Januari, huko ni kufungwa kweli, kwa hiyo kwanza waulizeni kwa maandishi kama wanakidhi mahitaji yote ya kifedha ya mwanafunzi wa kigeni. Na KUCCPS, wanaowapangia wanafunzi vyuo vya Kenya, wakifungua, achague kozi kama kawaida.