Naombeni ushauri: raundi za marafiki zinanishinda mwendo

Wadau, hamjambo. Nina miaka 34, naishi Roysambu. Kila Ijumaa baada ya kazi tunakutana watu sita kwa nyama choma na bia. Shida yangu si kiu, ni raundi. Kila mtu ananunulia meza nzima, na kabla sijafika nusu ya chupa yangu, mhudumu ameshafungua nyingine mbili. Ijumaa iliyopita zilikuwa zimepangwa tatu mbele yangu, zinatoa jasho, na rafiki yangu ananigongea glasi: "Maliza, tunakungoja!" Nikazimaliza. Asubuhi binti yangu alinikuta nimelala sebuleni na viatu. Alinivua kimoja, akanifunika leso ya mamake. Hilo limeniuma sana.

Nimejaribu kupiga hesabu. Chupa ya mililita 500 yenye asilimia 4.2 ina pombe halisi mililita 21, na ini huondoa takriban 10 kwa saa. Yaani chupa moja ni karibu saa mbili! Sisi tunamaliza tatu ndani ya hizo saa mbili.

Siku hizi nakula ugali kwanza na kunywa maji katikati, na gari naliacha nyumbani. Inasaidia kiasi. Lakini raundi ikija, nikikataa naonekana nawadharau, na hawa ni watu walionichangia mamangu alipolazwa.

Ninyi mnajitoaje kwenye raundi bila kuvunja urafiki? Mnamwambia nani kwanza, marafiki au mhudumu?