Pudini ya vitafunwa vilivyolala: mahamri, krosanti au boflo?

Mama_Chumbageni
Habari za jioni wapendwa. Nina kibanda cha chai hapa Tanga. Asubuhi nauza mahamri, skonzi na boflo (mkate wa kawaida) la kupaka siagi, na siku hizi nachukua pia krosanti, ile mikate ya siagi ya tabaka tabaka, kwa mwokaji mmoja wa mjini kwa ajili ya wateja wa maofisini. Jioni hakukosi kubaki. Leo mahamri manane, kesho krosanti tano na nusu boflo. Majirani nawagawia, lakini kuna siku nao wamechoka, na kumwaga chakula siwezi. Ndipo nikaanza pudini.

Nimejaribu aina tatu kwa kipimo kimoja: gramu 300 za kitafunwa, nusu lita ya maziwa, mayai matatu, sukari nusu kikombe na hiliki. Oveni digrii 180.

Boflo ndilo halina matata. Linanywa maziwa lote, linashikana, ukilikata linasimama. Ila ladha yote inatoka kwenye ulichotia, lenyewe halileti kitu.

Krosanti niliipaka siagi kama ninavyopaka boflo, na hapo nilikosea. Ilipotoka, mafuta yalikuwa yametuama kwenye kona za treya na chini kumelowa. Mara ya pili nikaacha siagi. Juu, zile ncha zilizobaki nje ya maziwa zikawa zinavunjika kwa mlio, tamu sana. Chini bado ikawa laini mno, ukichota inamwagika kama uji mzito.

Mahamri nayo niliyakata kwa kisu, nikaloweka dakika 20, nikaoka. Nje yameiva, lakini kila kipande ukikipasua ndani unakuta pakavu. Lakini harufu yake wapendwa! Nyumba nzima ilinukia hiliki na nazi, na wanangu walikula hivyo hivyo na ukavu wake. Moyo wangu uko kwenye mahamri. Nani amepata namna ya kuyalainisha? Na kama ni ya kuuza, ninyi mngechagua ipi?

BintiForodhani
Dada yangu, kisu ndicho kilichokuponza. Mahamri yana ganda lililokaangwa, na mafuta yale yanazuia maziwa kupenya. Yachane kwa mkono. Unajua yana uwazi katikati kama mfuko: fungua mfuko huo, pande mbili zitengane, kisha chana vipande vya ukubwa wa vidole viwili. Ule upande wa ndani wenye manyoya manyoya ndio unaonywa. Upange uangalie juu, ndipo umimine.

Na usimimine baridi. Pasha maziwa na tui, nusu kwa nusu, mpaka uweze kutia kidole na kuhesabu hadi kumi bila kuungua, usizidishe. Tui likichemka bila kukorogwa hukatika, na mayai ukiyatia kwenye moto nayo yanaganda vidonge vidonge. Mimi namimina kwanza tui na maziwa matupu juu ya mahamri, nafunika, naacha nusu saa, nikirudi nabonyeza kwa mgongo wa kijiko. Vikishalegea na kupoa ndipo natia mayai yaliyopigwa na sukari, nageuza taratibu nisivunje.

Sukari nusu kikombe ni nyingi, mahamri yameshatiwa sukari yake. Vijiko viwili vya chakula vinatosha. Hiliki ongeza kidogo tu, mbili au tatu zilizotwangwa sasa hivi. Vanila usitie kabisa, inaua harufu ya hiliki.

Mwokaji_Nakuru
Mama, salamu kutoka Nakuru. Naoka mikate kwa kazi, kwa hiyo niruhusu niseme kwa urefu kidogo.

Kipimo kimoja kwa vitafunwa vyote hakiwezi kutoa matokeo mamoja. Boflo ni unga, maji, hamira na chumvi, mafuta na sukari ni kidogo. Krosanti ina siagi tabaka kwa tabaka. Keki ina sukari, mayai na mafuta tele. Kila kitafunwa kinakuja na vitu vyake mfukoni, na ulichokuja nacho mfukoni hakuna haja nikununulie tena.

Kwa gramu 300 mimi hufanya hivi. Boflo: maziwa mililita 600, mayai matatu, sukari nusu kikombe, siagi vijiko viwili. Krosanti: maziwa mililita 450, mayai matatu, sukari robo kikombe, siagi hakuna. Skonzi inakaa katikati ya hizo mbili. Donati zilizopakwa sukari: maziwa mililita 400 na sukari usiongeze hata punje. Keki ya kawaida: maziwa mililita 300 tu, maana keki haina nyuzi za kuishikilia kama mkate, ikilowa inasambaratika. Zile ngumu wanazoziita hafukeki ni kinyume chake, zinataka maziwa mililita 600 ya vuguvugu na saa nzima ya kulowa, tena uzivunje kwanza kwa kinu.

Sasa hiyo krosanti iliyomwagika. Sababu kubwa naona haikuwa kavu. Kitafunwa kulala si lazima kiwe kimekauka. Mkate ukilala, wanga wake unajipanga upya na kuwa mgumu mdomoni, lakini maji bado yamo ndani. Ndiyo maana mkate mgumu ukiupasha unalainika tena. Kwa pudini unataka maji yatoke ili maziwa yapate nafasi. Kata krosanti, tandaza kwenye treya, tia ovenini digrii 150 kwa dakika 10 mpaka 12, geuza mara moja. Ukizigusa zilie. Ziache zipoe, ndipo umimine. Na kama unakusanya za siku tatu nne, usiziweke kwenye friji ya kawaida, mkate hukakamaa upesi zaidi humo kuliko mezani. Weka kwenye friza ndani ya mfuko uliofungwa.

Moto nao 180 ni mkali kwa mayai. Shusha mpaka 165 au 170, na chombo chako ukiweke ndani ya treya kubwa yenye maji ya moto yanayofika nusu ya kimo chake. Maji hayazidi nyuzi 100, kwa hiyo pembeni haitaungua kabla katikati haijashika. Dakika 40 hadi 45. Toa wakati katikati bado patetemeka kidogo ukitikisa, itamalizia kuiva nje. Ukiona vitundu vitundu na maji yanatoka pembeni, mayai yamekatika, umechelewa.

Mke_wa_Mvuvi
Kaka Nakuru asante kwa somo, lakini wengi wetu oveni hatuna. Mimi niko Pangani na pudini napika tangu nikiwa kwa mama, kwa njia mbili.

Ya kwanza ni mkaa. Sufuria kubwa, chini mchanga safi mkavu wa kimo cha vidole viwili, upashe kwanza. Juu ya mchanga weka sufuria ndogo yenye pudini, funika ile kubwa kwa sinia la bati, palia makaa juu. Makaa ya chini yawe machache, ya juu ndiyo mengi. Hapo unapata rangi ya kahawia juu.

Ya pili ni mvuke. Pudini kwenye bakuli la bati lililopakwa samli, bakuli ndani ya sufuria yenye maji yanayochemka polepole, mfuniko uufunge kwa kitambaa. Hicho kitambaa usikisahau. Jasho la mfuniko likidondokea pudini, juu panakuwa na vishimo vya maji na ladha inapooza. Dakika 50 imeiva.

Kwa krosanti ningesema mkaa, maana uzuri wake ni ule mkavu wa juu, kwenye mvuke unaupoteza wote. Kwa mahamri mvuke ndio bora, unaingia mpaka ndani. Unguza sukari vijiko vitatu chini ya bakuli kabla ya kupanga, ukiipindua kwenye sahani inashuka na rangi yake kama asali.

Mswahili_Muscat
Niongeze moja ambayo hamjaitaja. Huku Oman, kama sehemu nyingine za Ghuba, kuna Umm Ali, asili yake ni Misri. Haina mayai kabisa. Krosanti au ile keki ya tabaka inayovunjika unaikausha vizuri, unaivunja kwenye bakuli la kuokea, unatia lozi, pistashio, zabibu kavu na nazi iliyokunwa. Kisha unachemsha maziwa na sukari, unamimina yakiwa moto, juu unapaka malai, yaani krimu nzito ya maziwa, unatia ovenini kwenye moto mkali dakika 15 hivi mpaka malai ipate madoa ya kahawia. Inaliwa kwa kijiko ingali moto. Haikatwi vipande.

Dada wa Tanga, krosanti zako naona hapa ndipo mahali pake. Unaihangaisha isimame, nayo haitaki. Iache iwe laini, mradi ukubali kuiuza kwenye bakuli.

Nuru_Leicester
Na mimi niwape ya Uingereza, maana watu huzichanganya. Kuna pudini mbili za mkate huku. Moja ni vipande vya mkate vilivyopakwa siagi na kupangwa kama vigae, na zabibu katikati, kisha maziwa na mayai: laini, ya kijiko. Nyingine mkate unalowekwa, unabonywabonywa kwa mkono mpaka upotee, unatiwa viungo na matunda makavu mengi, unaokwa mpaka uwe mweusi mweusi. Hiyo inakatwa miraba na kuliwa kwa mkono hata ikiwa baridi.

Kwa kibanda cha chai ya pili ndiyo yako. Boflo na skonzi zichanganywe humo humo, maziwa nusu ya kawaida, mayai mawili, mdalasini na kungumanga. Mteja anaondoka nayo kwenye karatasi, huhitaji bakuli wala kijiko.

Bwana_Afya_Mstaafu
Samahanini kwa kuingilia, nimefanya ukaguzi wa vyakula miaka mingi. Mayai na maziwa kwenye joto la pwani si vya kuchezea. Pudini ikitoka motoni iuzwe ndani ya saa mbili, au iingie friji ikishapoa. Iliyolala mezani usimuuzie mtu asubuhi, hata kama inanukia vizuri. Vitafunwa vyenye krimu au nyama ndani usiviingize kabisa. Na ukiona doa moja la ukungu kwenye boflo usikate pale penye doa, tupa lote, nyuzi zake zinatembea ndani ambako huzioni. Kukauka na kuharibika ni mambo mawili.

BintiForodhani
Naafiki kabisa. Na tui ndilo linalowahi kuchacha. Ya tui iliwe siku hiyo hiyo.

Mama_Chumbageni
Nimerudi. Sina maneno ya kuwashukuru.

Jana nimechana mahamri nane kwa mkono kama alivyosema Binti, nikapanga upande wa ndani juu. Nilipomimina tui vuguvugu nilikaa nikiangalia: lilikuwa linazama lenyewe, na vile vipande vikivimba polepole. Nikapika kwa mvuke, sukari iliyounguzwa chini, kitambaa kwenye mfuniko. Nimeipindua mbele ya mama mkwe wangu, akasema hii mbona kama mkate wa kumimina uliooana na pudini. Hakuna pakavu hata mahali pamoja.

Kwa hiyo nimeamua hivi. Mahamri ni pudini ya jioni, naipika saa tisa, iishe kabla ya magharibi, na itakayobaki ni ya nyumbani usiku huo huo. Boflo na skonzi nitafanya ile ya Leicester ya kukata miraba, nayo iingie kwenye friji ya jirani. Krosanti nimeitengea Ijumaa, Umm Ali, lakini lozi huku bei yake kubwa. Mswahili wa Muscat, korosho zilizokaangwa zitakubali?

Mswahili_Muscat
Zitakubali sana. Ziponde kubwa kubwa, na uzitie katikati, za juu huungua kabla ya malai kupata rangi.